Kuweka na Kutoa: Sheldon Segal na Historia ya Kipandikizi cha Kuzuia Mimba

Neno kipandikizi lilitoka shambani kabla ya kuingia hospitalini. Mkulima hupandikiza mche: huung'oa kitaluni na kuutia mahali pengine ili ukue na kuzaa. Wataalamu waliolichukua neno hilo na kulipa kifaa kidogo cha mpira kinachotiwa chini ya ngozi ya mkono wa mwanamke walilitumia kwa maana iliyopinduka, kwani kifaa hicho hutiwa mwilini ili mimba isitunge kwa muda. Watu wa kawaida katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki wameliacha neno hilo kwa wataalamu, wao husema kijiti tu. Hata hivyo maneno yote mawili yananyamaza juu ya jambo moja. Mche uliopandikizwa haung'olewi tena, ilhali kijiti hiki sharti kitolewe siku moja, na hakitolewi ila kwa kisu cha mtu mwingine. Historia ya kifaa hiki, ambayo kwa sehemu kubwa ni historia ya kazi ya mtafiti Mmarekani Sheldon Segal, imesimuliwa mara nyingi kama historia ya kuweka. Makala hii inaitazama kwa upande wa kutoa, kwa sababu huko ndiko mambo mazito yalikotokea.

Segal alizaliwa Brooklyn, katika jiji la New York, mwaka 1926. Alitumikia jeshi la majini la nchi yake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akasoma katika chuo cha Dartmouth, kisha akapata shahada ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Iowa mwaka 1952. Ifahamike kwamba hakuwa daktari wa kutibu wagonjwa. Alikuwa mtaalamu wa elimu ya viinitete na kemia ya uhai, yaani mtu wa maabara, wa panya na vipimo. Mwaka 1956 alijiunga na Population Council, shirika lililoanzishwa mwaka 1952 na John D. Rockefeller wa Tatu, ambalo maabara zake za uzazi zilikuwa ndani ya taasisi ya Rockefeller mjini New York. Huko alipanda vyeo hadi kuwa mkuu wa idara ya utafiti wa tiba, akabaki hadi mwaka 1978 alipohamia Wakfu wa Rockefeller.

Shirika hilo lilizaliwa katika hofu ya wakati wake. Baada ya vita, matajiri na wanasiasa wengi wa Marekani waliamini kuwa ongezeko la watu katika Asia, na baadaye Afrika na Amerika ya Kusini, lingeleta njaa na machafuko. Waliotoa fedha walihesabu watu kwa mamilioni. Mwanamke aliyehitaji kupumzika baada ya kuzaa watoto wanne au watano hakuhesabu kwa mamilioni. Alihesabu siku zake mwenyewe. Kifaa alichokibuni Segal kilikuwa na wazazi hao wawili, na haiwezekani kuelewa ugomvi uliofuata bila kukumbuka kwamba wazazi hao hawakutaka kitu kile kile.

Vidonge vya kuzuia mimba viliidhinishwa Marekani mwaka 1960. Vilikuwa na nguvu, lakini vilitaka mwanamke avikumbuke kila siku, avipate kila mwezi na awe na mahali pa kuvihifadhi. Mwaka 1962 Population Council iliitisha mjini New York mkutano wa kimataifa juu ya vitanzi vya plastiki vinavyotiwa ndani ya mji wa mimba, kimojawapo kikiwa kile cha Jack Lippes. Kwa hiyo, kabla ya mpira kuingia mkononi, plastiki ilikuwa imekwisha kuingia katika kizazi, na swali lilikuwa limekwisha kuulizwa: ni maada gani inayoweza kukaa ndani ya mwili wa mtu mzima kwa miaka bila kuudhuru?

Mpira uliopitisha rangi

Jibu lilitoka mbali na elimu ya uzazi. Silikoni ni maada iliyotengenezwa kwa mnyororo wa silikoni asilia na oksijeni. Silikoni asilia hupatikana mchangani, nao mnyororo huo huvikwa chembe za kaboni na haidrojeni. Kampuni ya Dow Corning, iliyoundwa mwaka 1943, iliitengeneza kwanza kwa mahitaji ya vita, hasa kuhami mitambo ya umeme dhidi ya joto na unyevu. Baadaye waganga waligundua kuwa mpira wake, uliouzwa kwa jina la Silastic, haukasirishi mwili. Katikati ya miaka ya 1950, huko Philadelphia, fundi wa mitambo aliyeitwa John Holter, ambaye mtoto wake alizaliwa na maji kichwani, aliutumia kutengeneza vali ya kuyaondoa maji hayo. Vali hiyo iliokoa watoto wengi baada yake. Wanaodhani kwamba maada za tiba huzaliwa katika maabara za wasomi peke yao wangefaidika kumkumbuka fundi huyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari kijana Judah Folkman alikuwa akitumikia jeshi la majini katika hospitali ya Bethesda, karibu na Washington, pamoja na mwenzake David Long. Walipokuwa wakifanya majaribio kwa mifereji midogo ya silikoni, waliona jambo ambalo wengine wangelihesabu kuwa uchafu tu: baadhi ya rangi zilikuwa zikipenya ukuta wa mfereji na kutokea upande wa pili. Si kila rangi ilipenya. Zilizopenya ni zile zinazoyeyuka katika mafuta. Wakajiuliza kama dawa za namna hiyo zingeweza kupenya vivyo hivyo, wakazitia katika vifuko vya mpira ndani ya miili ya wanyama, nazo zikatoka pole pole kwa muda mrefu. Matokeo yao yalichapwa mwaka 1964. Folkman alipata umaarufu baadaye kwa kazi nyingine kabisa, ile ya mishipa ya damu inayolisha uvimbe wa kansa, hata wengi husahau kwamba ndiye aliyeufungua mlango huu.

Homoni za uzazi ni za jamii ya steroidi, nazo huyeyuka katika mafuta. Aliyejua mambo hayo mawili aliweza kuyaunganisha, na kweli yaliunganishwa mahali zaidi ya pamoja. Mwaka 1966 wataalamu wawili wa Marekani, Dziuk na Cook, walichapa utafiti ulioonyesha kuwa steroidi hupenya mpira wa silikoni. Wakati huo huo, katika maabara ya Segal, alikuwapo mtafiti kijana kutoka Chile, Horacio Croxatto. Wawili hao walitia homoni katika vifuko vya Silastic, wakaviweka chini ya ngozi za wanyama, wakapima. Mwaka 1967 waliwaeleza wenzao katika mkutano wa wataalamu wa uzazi wa Marekani kwamba tendo moja tu la kuweka lingeweza kutosha kuzuia mimba kwa muda mrefu sana. Ni haki kusema kuwa fikira hiyo ilikuwa ya wote wawili. Vitabu vya Kiingereza hulitaja zaidi jina la Segal, vya Kihispania la Croxatto, na kila upande una sababu zake.

Kutoka fikira hadi kifaa ilichukua miaka kumi na sita. Homoni ya kwanza iliyotegemewa, megestroli, iliachwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 baada ya mbwa wa aina ya beagle waliopewa homoni za jamii hiyo kuota uvimbe katika matiti. Baadaye ilifahamika kuwa mbwa hao si kielelezo kizuri cha mwili wa binadamu katika jambo hilo, lakini wakati huo hakuna aliyethubutu kuendelea. Mwaka 1970 Segal aliunda kamati ya kimataifa ya utafiti wa dawa za kuzuia mimba, akawakutanisha watafiti waliofanya kazi katika nchi zao: Croxatto huko Santiago, Elsimar Coutinho huko Bahia nchini Brazili, Tapani Luukkainen huko Helsinki, na wengineo. Walilinganisha homoni mbalimbali na kuchagua levonorgestreli, ambayo ilikuwa imekwisha kutumiwa katika vidonge. Mwaka 1975 majaribio makubwa yalianza katika nchi sita: Brazili, Chile, Denmark, Finland, Jamaika na Jamhuri ya Dominika.

Kifaa kilichotoka katika majaribio hayo kiliitwa Norplant. Kilikuwa na kapsuli 6 za Silastic, kila moja ikiwa na urefu wa milimita 34, unene wa milimita 2.4, na miligramu 36 za homoni ndani yake. Zilitiwa chini ya ngozi, upande wa ndani wa mkono juu ya kiwiko, zikapangwa kama mbavu za kipepeo. Mwanzoni zilitoa kiasi cha mikrogramu 85 kwa siku, kisha kikapungua pole pole hadi karibu 30. Homoni hiyo iliufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito hata mbegu za kiume zisipenye, na katika miezi mingi ilizuia yai lisipevuke. Kwa miaka 5 mwanamke hakuwa na haja ya kukumbuka lolote, na waliopata mimba hawakufikia 1 kwa 100 kila mwaka. Kampuni ya Leiras ya Finland ndiyo iliyoitengeneza, na Finland ikawa nchi ya kwanza kuiidhinisha, mwaka 1983.

Kifuko ndani ya mwili

Hapa inafaa kusimama kidogo juu ya tabia ya maada yenyewe, kwa maana watu wengi waliogombana juu ya Norplant hawakuijua. Husemwa kwamba mwili huikubali silikoni. Kusema hivyo si sahihi sana. Mwili haupigani nayo, lakini pia hauisahau. Huizungushia utando mgumu wa nyuzi, kama kifuko, hata kapsuli ikakaa ndani ya nyumba isiyoijenga yenyewe. Kifuko hicho hakina maumivu, wala hakizuii homoni kupita. Siku ya kutoa, hata hivyo, ndicho kinachompa kazi mtoaji. Kuweka kapsuli sita kulimchukua mtu aliyefundishwa dakika kumi au kumi na tano, kwa ganzi kidogo na jeraha lisilohitaji hata kushonwa. Kuzitoa kulichukua mara mbili ya muda huo mambo yakienda vizuri. Na kama kapsuli ziliwekwa kwa kina kupita kiasi, au zilipishana, au moja ilivunjika ikivutwa, kazi iliweza kufika saa nzima na zaidi, au mwanamke kurudishwa nyumbani akiwa na mbili zimebaki na kuambiwa aje siku nyingine.

Watafiti walijua njia nyingine. Zilikuwapo maada zinazoyeyuka mwilini zenyewe baada ya muda, ambazo hazingehitaji kutolewa, na wengine walizifanyia majaribio. Lakini maada inayoyeyuka ina ubaya wake: ikianza kumeguka haishikiki tena, na mwanamke anayetaka mtoto kabla ya muda, au anayeteswa na damu, hawezi kusaidiwa. Silikoni hukaa kama ilivyo, na kwa sababu hukaa inaweza kuondolewa siku yoyote. Kwa hiyo uhuru wa kubadili nia ulikuwa umejengwa ndani ya maada yenyewe. Ilitakiwa tu awepo mtu mwenye kisu, ujuzi na utayari.

Kosa kubwa la historia hii liko hapo. Wabunifu walitengeneza kifaa kinachoweza kutolewa, wakadhani kwamba kwa hiyo kitatolewa. Lakini mipango ya serikali na ya wafadhili ilipimwa kwa idadi ya waliowekewa. Hapakuwa na mfadhili aliyemsifu mkuu wa zahanati kwa idadi ya vipandikizi alivyovitoa. Nayo sababu ya kutaka kutolewa ilikuwa ya kawaida mno: hedhi ilivurugika, damu ikatoka siku nyingi au kwa majira yasiyojulikana. Kwa daktari jambo hilo halikuwa hatari. Kwa mwanamke ambaye dini yake, jiko lake na kitanda chake vina taratibu zinazohusu damu, lilikuwa zito, na kumwambia asiwe na wasiwasi halikuwa jibu.

Malalamiko yalianza mapema. Nchini Brazili vyama vya wanawake vilidai kuwa wengi walitiwa katika majaribio bila kuelezwa vya kutosha, na mwaka 1986 serikali ilifuta ruhusa ya utafiti huo. Bangladesh, ambako majaribio yalifanyika katika miaka ya 1980, shirika la UBINIG la Dhaka lilikusanya habari za wanawake maskini walioomba kutolewa kapsuli wakaambiwa wavumilie au warudi baadaye. Indonesia ndiyo iliyoitumia Norplant kuliko nchi nyingine zote, kwa zaidi ya wanawake milioni moja. Huko watu waliofundishwa kuweka walikuwa wengi kuliko waliofundishwa kutoa, na miaka 5 ilipokwisha kwa waliowekewa mwanzo, pengo hilo lilionekana wazi. Hakuna haja ya kudhani kwamba kila mwanamke alilazimishwa. Maelfu kwa maelfu waliipenda njia hii na walirudi kuwekewa tena. Lakini aliyeipenda na aliyeichukia walikuwa na mlango mmoja wa kutokea, na ufunguo wake hawakuushika wao.

Desemba 1990

Marekani yenyewe iliidhinisha Norplant tarehe 10 Desemba 1990. Yaliyotokea katika majuma matatu yaliyofuata yanafaa kusomwa kwa mfuatano wake, maana ni nadra historia kujieleza kwa haraka namna hiyo. Tarehe 12 gazeti la The Philadelphia Inquirer lilitoa tahariri iliyopendekeza kwamba wanawake maskini wanaopokea msaada wa serikali wavutwe kwa malipo kutumia kifaa hicho, na tahariri hiyo iliunganisha umaskini huo na watu weusi. Ghasia ikazuka hata ndani ya gazeti, na tarehe 23 gazeti likaomba radhi. Kabla ya mwezi kwisha, Segal aliandika barua katika gazeti la The New York Times akieleza kwamba Norplant ilibuniwa ili kupanua uhuru wa uzazi, na kwamba yeye alipinga kabisa matumizi yake yoyote ya kulazimisha. Tarehe 2 Januari 1991, katika wilaya ya Tulare huko California, jaji Howard Broadman alimhukumu mwanamke mmoja aliyewapiga watoto wake, akaweka sharti kwamba ili apunguziwe kifungo awekewe Norplant kwa miaka 3. Mwanamke huyo alikubali pale mahakamani, akakata rufani baadaye. Katika bunge la jimbo la Kansas uliletwa mswada wa kumlipa dola 500 kila mpokea msaada atakayekubali kuwekewa. Haukupita, lakini mifano ya namna hiyo ililetwa katika majimbo mengine pia.

Msimamo wa Segal ulikuwa wa heshima, tena hakuusubiri ushauri wa mtu. Lakini msomaji wa historia hana budi kuuliza swali ambalo barua yake haikuligusa. Jaji yule hakuweza kumhukumu mwanamke kumeza kidonge kila asubuhi, kwani angemezaje bila kusimamiwa? Aliweza kuamuru kipandikizi kwa sababu kile kile kilichokuwa sifa yake, yaani kufanya kazi bila mwanamke kukumbuka, ndicho kilichokifanya kiweze kufanya kazi bila mwanamke kutaka. Mtafiti aliiondoa kazi ya kukumbuka mikononi mwa mtumiaji kwa nia njema. Hakuona kwamba sehemu ya mamlaka yake ilitoka pamoja nayo.

Mwisho wa Norplant nchini Marekani ulikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1992 serikali ilizuia kwa sehemu kubwa matumizi ya matiti bandia ya jeli ya silikoni, na hofu ya maada hiyo ikaenea. Mawakili waliokuwa wakishtaki kwa ajili ya matiti waligeukia mikono. Ingawa mahakama hazikupata ushahidi kwamba mpira wa kapsuli uliwaletea wanawake magonjwa ya kudumu, mwaka 1999 kampuni iliyomiliki biashara hiyo ilikubali kuwalipa makumi ya maelfu ya wanawake dola 1,500 kila mmoja ili kesi ziishe, bila kukiri kosa. Mwaka 2002 ilitangaza kuwa haitauza tena Norplant nchini humo. Katika kesi hizo zilikuwamo shida za kutolewa kapsuli, nazo ndizo zilizokuwa na msingi kuliko nyingine. Lakini kelele juu ya silikoni zilizifunika.

Upande wa Kongo

Mtu akiutazama mkasa huu kutoka Kongo hukuta kwamba mwili wa mwanamke ulikuwa umekwisha kuwekwa chini ya hesabu za wengine, ila kwa mwelekeo wa kinyume. Wabelgiji hawakuogopa wingi wa watu katika koloni lao, waliogopa uchache. Makampuni ya migodi ya Katanga yalitaka wafanyakazi, na tangu mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière iliwahimiza wachimbaji kukaa kambini na wake zao na kuzaa, ili nguvu kazi ya kesho ipatikane hapo hapo. Amri ya mwaka 1933 ilikataza kutangaza na kuuza vifaa vya kuzuia mimba, nayo ilibaki katika sheria za jinai miaka mingi baada ya uhuru. Mwaka 1972 Mobutu alitangaza fikira ya uzazi unaotakiwa, naissances désirables kama ilivyoitwa rasmi, na mwaka 1973 likaundwa baraza la kuisimamia. Jina hilo lilichaguliwa kwa busara, kwa sababu halikusema kupunguza, lilisema kutaka. Mpango uliotokana nalo ulitegemea sana fedha za Marekani, na uporaji wa Kinshasa wa Septemba 1991 ulipofuatwa na kusimamishwa kwa msaada, ulidhoofika karibu kufa.

Kwa hiyo kipindi cha Norplant kilipita huku Kongo ikiwa katika misukosuko yake, na kipandikizi kilienea nchini kikiwa na umbo jingine. Segal na wenzake hawakuwa viziwi kwa malalamiko. Kapsuli 6 zilipunguzwa kuwa vijiti 2, vilivyoitwa Jadelle, vyenye homoni ile ile iliyochanganywa na maada ya kijiti chenyewe badala ya kuachwa kama unga ndani ya kifuko. Vijiti 2 vilitoka kwa urahisi zaidi kuliko kapsuli 6. Kampuni ya Organon ya Uholanzi ilitengeneza kijiti 1 tu, Implanon, kilichoanza kuuzwa mwaka 1998, ambacho hakikuwa cha silikoni bali cha plastiki nyingine, laini, inayojulikana kwa kifupi kama EVA. Kina urefu wa milimita 40, na kiliidhinishwa kwanza kwa miaka 3. Mwaka 2013, kwa makubaliano ya wafadhili na makampuni, bei ya vijiti hivi kwa nchi maskini ilishuka kwa karibu nusu, hadi dola 8.50. Kinshasa ilikuwa miongoni mwa miji iliyoonekana kubadilika upesi: kijiti, kilichokuwa kitu adimu, kikawa katika miaka michache mojawapo ya njia za kisasa zinazotumiwa zaidi, na hata wanafunzi wa tiba na uuguzi walifundishwa kukiweka katika mitaa yao.

Swali la zamani lilirudi pamoja nacho. Mwanamke aliyewekewa Kinshasa anaweza kurudi kwa aliyemwekea, kama bado yupo na kama hatamtoza fedha asizo nazo. Mwanamke wa Kivu aliyekimbia kijiji chake hubeba kijiti mkononi, na zahanati iliyokiweka inaweza kuwa imefungwa au imeporwa. Miaka hupita, homoni huisha, kifuko cha nyuzi hubaki. Wataalamu wa mipango sasa hufundisha kutoa pamoja na kuweka, angalau katika vitabu vyao vya mafunzo, jambo ambalo katika miaka ya 1980 lilihesabiwa kuwa nyongeza.

Segal alirudi Population Council mwaka 1991, akaandika kumbukumbu zake mwaka 2003, na akafariki dunia Oktoba 2009 huko Woods Hole, katika jimbo la Massachusetts, akiwa na umri wa miaka 83. Karibu na wakati huo Organon na waliomiliki kampuni hiyo baada yake walikuwa wakibadilisha maada ya kijiti chao mara nyingine. Kile cha kwanza kilikuwa hakionekani katika picha za eksirei, na mtoaji aliyekikosa kwa vidole alilazimika kukitafuta kwa mitambo ambayo hospitali nyingi za Kongo hazina. Katika kile kipya, kinachoitwa Implanon NXT, walichanganya kiasi kidogo cha salfeti ya bari. Chumvi hiyo haizuii mimba wala haipunguzi damu. Imetiwa humo kwa kazi moja, kijiti kionekane pale mwanamke anapotaka kitolewe.